Jibu la mtaalamu: Mvumbuzi wa kasri la Gloucester, tuanze na kitabu gani?

Swali limetoka kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari. Wanafunzi wake wa klabu ya sayansi wameona video fupi ya mvumbuzi wa Marekani aliyejijengea kasri la mawe kando ya bahari, mvua inanyesha ndani ya nyumba kwa kubonyeza swichi, na msimuliaji akamwita mzee huyo "baba wa rimoti". Anauliza: "Huyu mtu alikuwepo kweli? Kuna vitabu gani vizuri juu yake, na nianze na kipi? Naomba visiwe vya mizimu, maana nilivyovipata mimi ni vya mizimu tu."

Mwalimu, alikuwepo. Ni John Hays Hammond, mwana wa John Hays Hammond mwingine, na hapo ndipo taabu ya kumtafuta inapoanzia. Nyumbani walimwita Jack, nami nitamwita hivyo tusimchanganye na baba yake. Alizaliwa San Francisco mwaka 1888, akafariki mwaka 1965, na kasri lake bado limesimama Gloucester, jimbo la Massachusetts, juu ya majabali yanayotazama Atlantiki. Leo ni jumba la makumbusho.

Wasifu wake umeandikwa, nitaufikia. Ila nakushauri usianzie hapo, wala usianzie kitabu chochote chenye picha ya kasri jaladani. Wengi walioandika juu ya Jack Hammond waliingilia mlango wa kasri, wakapigwa na butwaa sebuleni, wakasahau kumuuliza mwenye nyumba anafanya kazi gani. Ukimaliza kuvisoma utajua urefu wa ukumbi na umri wa milango, lakini hutaweza kuwaeleza wanafunzi wako mashua isiyo na mtu ndani iliwezaje kukata kona.

Anza na kijana aliyekuwa mwajiriwa wake. Benjamin Miessner alikuwa fundi wa redio mwenye umri wa miaka ishirini na kitu alipofika Gloucester mwaka 1911, maabara ya Hammond ikiwa ndiyo kwanza inafunguliwa kwenye shamba la baba yake Jack. Mwaka 1916 akachapisha kitabu kiitwacho Radiodynamics, kinachoeleza namna ya kuongoza topido na mitambo mingine kwa mawimbi bila waya. Si kitabu cha sifa. Ni kitabu cha fundi: michoro ya saketi, relei, antena, na maelezo ya nini kilifanya kazi na nini kilikorofisha. Haki miliki yake imekwisha muda siku nyingi, kwa hiyo kinasomeka bure kwenye maktaba za mtandaoni, na kwa darasa la fizikia sijaona kinachokizidi.

Humo ndani mtafute mbwa wa umeme, ambaye wenyewe walimwita Seleno. Jack na Miessner walimtengeneza mnamo mwaka 1912. Ni sanduku la magurudumu matatu. Mawili ya mbele yanazungushwa na mota. La nyuma ndilo usukani, linavutwa kushoto au kulia na sumaku za umeme. Usoni pana lenzi mbili kubwa mithili ya macho, na katikati yake kimesimamishwa kibao kama pua. Nyuma ya kila lenzi kuna seli ya seleniamu, dutu ambayo ukinzani wake wa umeme hushuka ikipigwa na mwanga. Sasa mulika tochi upande wa kushoto. Jicho la kushoto linapata mwanga, pua inalikinga la kulia. Seli ya kushoto inapitisha mkondo, lakini mkondo wenyewe ni mdogo mno kusogeza chochote, hivyo unaishia kwenye relei nyepesi. Relei inafunga swichi ya mkondo mkubwa, sumaku inalivuta gurudumu la nyuma, na sanduku linageuka kuufuata mwanga. Macho yote mawili yakipata mwanga sawasawa, linakwenda moja kwa moja. Zima tochi, linasimama.

Wanafunzi wako wanaweza kulijenga hilo kwa LDR mbili, yaani vikinzani ambavyo ukinzani wake hushuka vikipata mwanga, transista na mota za gari la kuchezea bovu. Usiwaruhusu kuacha ile pua. Bila kibao katikati, macho yote mawili yanapata mwanga wa tochi karibu sawa, na kimashine kinakwenda mbele tu kama hakioni.

Miessner hasemi kwamba ilikuwa michezo. Anaandika wazi kuwa kisichokuwa zaidi ya kioja cha maabara wakati ule kingeweza kugeuka mbwa wa vita wa kweli, asiye na woga wala huruma, na anaonyesha njia: topido yenye macho ya namna hiyo ingeufuata mwanga wa taa ya kurunzi ya meli ya adui. Adui anamulika baharini aione hatari inayomjia, na kwa kumulika kwake anaielekeza kwake mwenyewe. Aya hiyo imeandikwa mwaka 1916. Msomee mtu leo bila kumtajia mwaka, atadhani unazungumzia droni.

Kitabu cha pili, kama shule ina fungu la vitabu au unaweza kukiazima chuo kikuu, ni Unmanned Systems of World Wars I and II cha H. R. Everett, kilichochapishwa na MIT Press mwaka 2015. Ni kinene, na Hammond ni mmoja tu kati ya wengi waliomo, lakini hiyo ndiyo faida yake: unamwona Jack akiwa kwenye foleni na wenzake, si peke yake mlimani. Tafuta habari za Natalia, mashua iliyosafiri bila mtu kushika usukani kutoka Gloucester hadi Boston na kurudi mwaka 1914. Tafuta pia meli kuukuu ya kivita Iowa, ambayo jeshi la majini la Marekani liliifunga vifaa vya Hammond mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikawa inatembea na kugeuka bila mabaharia huku meli nyingine zikiifanyia mazoezi ya shabaha. Ilizamishwa kwa mizinga karibu na Panama, Machi 1923. Vitabu vya kasri huigusa habari hii kwa sentensi moja wakikimbilia ngazi za siri.

Hapo ndipo utaweza kumjibu yule msimuliaji wa video. Nikola Tesla alionyesha kimashua kinachoongozwa kwa redio huko New York mwaka 1898, Jack akiwa na miaka kumi. Kwa hiyo ukiuliza nani alitangulia, ni Tesla bila ubishi. Alichohangaika nacho Jack kilikuwa kazi ngumu zaidi na isiyovutia watazamaji: chombo kishike mwelekeo wake chenyewe katikati ya mawimbi, na kimtii bwana wake tu hata adui akijaza hewa kelele za redio. Kuita mtu "baba" wa jambo fulani ni kazi ya wauza tiketi. Mimi ningemwita mtu aliyelitoa wazo kwenye meza ya maonyesho akalipeleka kwenye bahari yenye upepo.

Sasa fedha. Mwanafunzi mwerevu lazima atauliza kijana wa miaka ishirini na mitatu alipata wapi maabara, na jibu linatuleta huku Afrika. Baba yake alikuwa mhandisi wa migodi, na mwaka 1893 familia ilihamia Afrika Kusini, ambako mzee akawa mtaalamu mkuu wa migodi wa Cecil Rhodes, bepari wa Kiingereza mwenye migodi. Mwisho wa mwaka 1895 alikuwa miongoni mwa viongozi wa njama ya Johannesburg ya kuiangusha serikali ya Makaburu, ile iliyoharibika Leander Starr Jameson, mtu wa Rhodes, alipovuka mpaka na askari wake akakamatwa. Aprili 1896, mahakama ya Pretoria ikawahukumu kifo watu wanne, Hammond baba akiwemo. Hukumu ilipunguzwa, kisha wakaachiliwa kwa faini ya pauni 25,000 kila mmoja. Mtoto Jack alikuwa amefikisha miaka minane tu.

Habari hiyo ina vitabu viwili, na vyote vimeandikwa ndani ya nyumba. Kile cha mama, Natalie Hammond, kinaitwa A Woman's Part in a Revolution, cha mwaka 1897, nacho kinasomeka bure mtandaoni. Ni kifupi na kina moto. Mwanamke anahangaika kati ya Johannesburg na Pretoria, mume yuko gerezani, hajui kama atanyongwa ama la, na anaandika mambo yakiwa bado mabichi. Mark Twain, aliyekuwa katika ziara ya mihadhara, aliwatembelea wafungwa hao. Kile cha baba, The Autobiography of John Hays Hammond, kilitoka mwaka 1935 kwa majuzuu mawili, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kinachosha. Mzee anapenda kukutajia kila mkubwa aliyewahi kula naye chakula. Lakini kurasa za migodi zina uzito, kwa kuwa alikuwa mmoja wa waliosisitiza kuwa dhahabu ya Witwatersrand, eneo la Johannesburg, inakwenda chini sana na italipa kuifuata huko.

Nakushauri vitabu hivyo usome wewe kwanza kabla ya kuwapa vijana. Vyote viwili vimeandikwa kutoka upande wa wenye migodi, na Waafrika walioshuka mashimoni kuitoa dhahabu hiyo wanapita pembeni tu mwa hadithi, hawana majina wala sauti. Mtu anayesoma kutoka huku kwetu ataliona hilo mapema kuliko wasomaji wa Marekani. Hata hivyo bila vitabu hivi kasri linabaki kama limeota lenyewe kwenye jabali. Jack alipata pesa zake kwa hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi wake, hilo ni kweli, lakini ardhi ya kuanzia, majina ya watu wa kubisha hodi kwao, na ile safari ya kwenda maabara ya Thomas Edison akiwa na umri wa miaka 12, vyote vilipitia mkononi mwa baba. Hata mapenzi yake ya makasri yalianzia utotoni, familia ilipokwenda kuishi Uingereza baada ya mambo ya Pretoria.

Baada ya hapo, haya, ingia kasrini, sasa hutababaika.

Lilijengwa kati ya 1926 na 1929, mara tu alipomwoa Irene Fenton, msanii aliyependa unajimu. Mbele yake baharini kuna mwamba wa Norman's Woe, ambao Wamarekani wanaujua kwa shairi la kale la Longfellow la meli iliyovunjikia hapo. Jack alinunua vipande vya majengo ya Ulaya, milango, madirisha, mawe ya kaburi ya Kirumi, akavijenga ndani ya kuta mpya. Kati ya vyumba vyote, ua wa ndani ndio unaostahili muda wako. Una dimbwi katikati, na pande zake kuna nyuso za nyumba za Kifaransa za zama za kati, kwa hiyo ukisimama hapo unadhani uko kijijini nje, kumbe kuna paa la vioo juu yako. Chini ya paa hilo alipitisha mabomba ya maji. Akitaka, manyunyu, akitaka, mvua kubwa. Na taa zilipangwa zitoe mbalamwezi. Mimea ilipata maji yake na wageni walipata kioja chao. Video mliyoiona haikudanganya hapo.

Ukumbi mkubwa una urefu wa takriban mita 30, na ndani yake kuna kinanda cha mabomba zaidi ya 8,000. Hapa angalia unapotafuta: ukiandika "Hammond" na "kinanda", mtandao utakumwagia habari za Laurens Hammond, mtu mwingine kabisa, aliyetengeneza kile kinanda cha umeme cha mwaka 1935 kinachosikika makanisani na kwenye jazi. Hawana undugu. Jack alikuwa na uvumbuzi wake mwenyewe wa ala za muziki, na kasri lake lilipigiwa kinanda na wapigaji wakubwa, akiwemo Virgil Fox, ambaye baadaye alilinunua kasri lenyewe. Nimeona watu wazima wenye digrii wakiwachanganya akina Hammond hawa wawili, sembuse vijana.

Vitabu vya kasri na mwenyewe sasa. Cha zamani ni mwongozo wa makumbusho ulioandikwa na Corinne Witham, uliotoka mwaka 1966, mwaka mmoja tu baada ya kifo cha Jack. Kinafaa kwa orodha ya vitu na mahali vilipotoka, hakina zaidi. Nancy Rubin aliandika mwaka 1987 kitabu kinachomwita Jack mtu wa Renaissance, yaani mjuzi wa fani nyingi, katika karne ya ishirini. Ni kifupi, kinasomeka vizuri, na kina heshima iliyopitiliza kidogo. Wasifu mkubwa ni wa John Dandola, Living in the Past, Looking to the Future, wa mwaka 2004. Ukitaka kitabu kimoja tu rafuni, ni hicho. Dandola anampenda mtu wake, na mapenzi yana gharama: pale ambapo ningetaka mchoro wa saketi napewa majina ya wageni wa chakula cha jioni. Lakini ndiye aliyejitahidi kuziunganisha nyuzi zote, familia, maabara, ndoa na nyumba. Kisome baada ya Miessner, utakuwa unajaza mwenyewe alichokiruka.

Katika vitabu hivi utakutana na hesabu za hataza zisizolingana. Mmoja anasema zaidi ya 400, mwingine anataja uvumbuzi 800 na zaidi, na mara nyingi anaongeza kwamba Jack alikuwa wa pili kwa Edison peke yake. Usilibebe dai hilo darasani. Sehemu ya tofauti ni kwamba hataza moja na kitu kimoja kilichovumbuliwa si hesabu ile ile, na hataza za nchi za nje huhesabiwa au hazihesabiwi kadiri mwandishi anavyopenda. Edison alikuwa na 1,093 za Marekani. Elihu Thomson, mvumbuzi wa mambo ya umeme wa zama zile zile na jimbo lile lile la Massachusetts, alikuwa na takriban 700. Kwa hiyo hata pwani ile ile Jack hakuwa wa pili. Na hilo halimpunguzii kitu.

Kuhusu mizimu, najua kwa nini umevipata hivyo kwanza. Jack alijipalilia mwenyewe. Alivutiwa na mambo ya nafsi, akamleta mpiga ramli maarufu Eileen Garrett na kumkalisha ndani ya kizimba cha Faraday ili aone kama mawazo yanaweza kupita mahali ambapo mawimbi ya redio yamezuiwa. Kwa mtu aliyeishi kwa mawimbi lilikuwa swali la kawaida, na jaribio lenyewe ni somo zuri la jinsi kizimba kinavyofanya kazi, hata kama huamini hata chembe ya ramli. Ongeza fuvu la kichwa linaloonyeshwa kasrini, linalosemwa ni la baharia wa Columbus, na waandishi wa vitabu vya mizimu wana chakula cha miaka. Viache dukani.

Kama wanafunzi watapenda jambo lenyewe, la mvumbuzi na nyumba yake ya ajabu, kuliko mtu huyu, wape mwenzake wa Uingereza: William Armstrong, mtengenezaji wa mizinga na mitambo ya nguvu za maji, ambaye nyumba yake ya Cragside huko Northumberland iliwashwa taa ya umeme wa maji mwaka 1878. Uzeeni, mwaka 1894, akanunua kasri la kweli, Bamburgh, akaanza kulikarabati. Wasifu wake ulioandikwa na Henrietta Heald mwaka 2010, William Armstrong: Magician of the North, ni bora kuliko chochote kilichoandikwa juu ya Hammond, kwa sababu mwandishi hakuona haja ya kuchagua kati ya nyumba na karakana. Anakuonyesha bwawa, bomba, dainamo, kisha taa mezani. Jack Hammond bado hajapata mwandishi wa namna hiyo.

Jambo la mwisho ni la kazi ya klabu, na halihitaji kununua kitu. Hataza za Marekani zinasomeka bure mtandaoni, michoro na yote. Ya Tesla ya kimashua ni namba 613,809 ya mwaka 1898. Ichapisheni. Halafu tafuteni za Jack kwa jina kamili, "John Hays Hammond, Jr.", kuanzia miaka ya 1910, msiache lile "Jr." la mwisho mkaangukia mambo ya migodi ya baba. Chagueni moja ya kuongoza vyombo kwa redio, muiweke michoro miwili ubavu kwa ubavu, na kila kundi liandike ni sehemu gani kwa Jack haipo kwa Tesla, na iliwekwa kuzuia tatizo gani. Kiingereza cha hataza ni kizito, kwa hiyo waanze na michoro na namba zilizoandikwa juu yake, maneno wayafuate baadaye.